Kabla Kuku Hawajafunguliwa

Kuku kumi na tisa wa Conjesta walikufa ndani ya juma moja, na lawama zote zikamwangukia Dina. Mdondo, ule ugonjwa ambao wataalamu huuita kideri, ulikuwa umepita Ihanda ukifagia majogoo kwa vifaranga. Conjesta alikuwa mjane, na kuku ndio walikuwa sabuni yake, chumvi yake na madaftari ya wajukuu wake. Jumapili, watu wakitoka ibadani, alisimama mlangoni mwa kanisa akasema bila kupandisha sauti, "Chanjo ya Dina ni maji."

Maji! Kwa miaka minne Dina alikuwa mchanjaji wa kuku wa vitongoji vyote vya mlimani. Kila baada ya miezi mitatu alipanda na kudondosha tone moja kwenye jicho la kila kuku, na hakuna siku mtu alimshukuru kwa kuku waliobaki hai. Kuku hai hana mwenyewe, kuku mfu ndiye wa Dina. Mwenyekiti wa kitongoji alimwita akamwambia, kwa upole wa kukera, kwamba awamu ijayo ikiharibika nayo, watatafuta mchanjaji mwingine.

Na kosa halikuwa la chanjo. Kuku wa kienyeji huchanjwa alfajiri, wakiwa bado bandani. Wakishafunguliwa na kutawanyika kwenye mibuni, utamkamata nani? Na chanjo ikishakaa juani, hapo kweli inakuwa maji. Dina aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana kila siku ya kuchanja alikaa barazani tangu jogoo la kwanza, kiboksi cha barafu kikiwa mapajani, akimsubiri Ezron.

Ezron alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Dina alipofiwa, ukoo ulikaa ukaona kwamba mwanamke na kilima kile haviendani. Anunue pikipiki kwa fedha za kahawa yake, Ezron aiendeshe, siku za chanjo ampeleke mlimani, siku nyingine apakie abiria. Dina akanunua. Tangu siku hiyo Ezron aliiita "pikipiki yangu" mbele ya aliyeinunua, bila hata kukohoa. Alikaa nayo kwake, huko huko mlimani, na siku ya chanjo ikifika alipigiwa simu akasema yuko njiani, huku sauti ya mkewe, Yunisi, ikisikika ikimhimiza anywe chai isipoe. Awamu ile ya mwisho alimfikia Dina saa mbili na nusu. Kwa Conjesta, ambaye alikuwa ameshakwenda shambani, hawakukamata kuku hata mmoja.

Je, Ezron alilaumiwa? Thubutu.

Kisha Dina akaona baiskeli moja mjini Tunduma, walikokwenda na Ezron kufuata dawa za mifugo. Ilikuwa imeegemezwa nje ya ofisi ya wakala wa forodha, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Ilikuwa baiskeli ya umeme, ya milimani, matairi mapana yenye meno, betri imejificha ndani ya bomba la fremu. Wakala mwenyewe, kijana mmoja aitwaye Sebastian, alieleza kwamba ziliagizwa sita na mwenye kambi ya watalii huko Zambia, na hii moja aliikataa kwa sababu ya mkwaruzo.

Dina aliuliza kama inapanda kilima chenye mawe. Sebastian akamjibu Ezron. Dina akauliza chaji hukaa kwa mwendo gani. Sebastian akamweleza Ezron, kilomita kwa kilomita, naye Ezron, ambaye hakuuliza kitu, akatikisa kichwa kama fundi.

"Ila mama haimfai," Sebastian alimalizia. "Hii ni ya wazungu kuchezea milimani."

Hasira ilimpanda Dina hadi masikioni. "Kwa hiyo mzungu akipanda mlima kwa kucheza ni mtalii," alisema, "na mimi ninayepanda kwa kazi nitafutiwe mtu wa kunipakia?"

Sebastian akaangalia malori. Ezron akasema twende, shemeji, jua linachwea.

Jumapili iliyofuata, Ezron alipojua kwamba Dina anataka kuinunua baiskeli, aliuita ukoo. Walikuja nyumbani kwa Dina, wakala ugali wa Dina na maharage ya Dina, ndipo wakaanza kumweleza Dina mambo ya Dina. Mmoja alisema pikipiki imechoka, fedha hiyo ikanunue injini mpya. Mwingine alisema mama wa miaka hamsini na mbili juu ya baiskeli ni kuuvua nguo ukoo. Ezron aliachiwa neno la mwisho, akalitoa polepole, akijisikiliza: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mkuu! Dina alipoolewa katika ukoo ule, mkuu huyu alikuwa akichunga mbuzi na kamasi zikimfika mdomoni. Dina ndiye aliyekuwa akimfuta.

Lakini shangazi mmoja, akiwa mlangoni anaaga, aliuliza swali moja la maana: umeme ukikatika? Hilo lilimkaa Dina rohoni, kwa sababu lilikuwa kweli. Umeme wa Ihanda haukuwa na desturi ya kuaga. Baiskeli ikimfia katikati ya kilima, na Conjesta akingoja huko juu, kijiji kizima kingekuwa na wimbo wa kuimba mwaka mzima. Siku mbili hakula vizuri. Aliogopa, na kuogopa kwenyewe kulimkasirisha, maana aliona anaogopa kwa hiari yake mwenyewe kile ambacho Ezron alimtaka aogope.

Siku ya tatu alipanda gari la Tunduma peke yake. Alimwambia Sebastian atoe betri. Sebastian, ambaye safari hii hakuwa na mwanamume wa kumjibu, ilimbidi amsikilize mwenyewe. Alisema wateja wote huomba kuijaribu ikiwa na chaji.

"Ikiwa na chaji hata wewe utapanda," Dina alisema. "Mimi nataka kuijua ikiwa imekufa."

Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaishika usukani, akaisukuma ikiwa imekufa hivyo hivyo hadi juu ya kilima kilicho nyuma ya maghala. Makuli waliacha mizigo wakatazama. Ilikuwa nzito. Ilikuwa nzito kama baiskeli ya kawaida iliyobeba debe la mahindi, na baiskeli yenye debe la mahindi Dina aliisukuma tangu akiwa binti, akienda mashineni. Alifika juu anahema, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa kuku akacheka.

"Ikiwa nzima itanipandisha," alimwambia Sebastian, aliyekuwa nyuma akihema kuliko yeye. "Ikifa nitaisukuma. Ezron akilala, siwezi kumsukuma."

Akainunua siku hiyo hiyo, baada ya kudai ichomelewe keria ya chuma.

Ilipofika awamu ya chanjo, Dina aliomba tangazo lisomwe kanisani: kuku wa mlimani wasifunguliwe kabla ya jua kutoka. Ezron naye alipita huku na huko akiwaambia watu wasijisumbue kufungia kuku na njaa yao, huyo mama atafika saa nne.

Alfajiri ile ardhi ilikuwa na umande, na baiskeli ilikipanda kilima ikivuma taratibu. Dina alipokaribia uzio wa Ezron alisikia sauti. Yunisi alikuwa amesimama, mgongo kwenye mlango wa banda la kuku. Ezron alikuwa mbele yake.

"Toka hapo, wafunguliwe," Ezron alikuwa akisema. "Hakuna mwanamke wa kupanda kilima hiki saa hizi."

Yunisi alitazama tu nyuma ya bega la mumewe, na Ezron akageuka.

Dina alitua kiboksi chake chini. Alichanja kuku wote wa nyumba ile, Yunisi akimshikia mmoja mmoja, na kwa muda wote huo Ezron alizunguka baiskeli akiitafuta kasoro. Mwishoni alisema, "Leo umewahi, shemeji."

"Sikuwahi," Dina alisema. "Hii ndiyo saa yangu. Miaka minne umekaa nayo wewe. Jioni niletee pikipiki yangu."

Akaendelea kupanda. Nyumba ya Conjesta ilikuwa ya mwisho, na jua lilikuwa bado halijatoka. Banda lilikuwa wazi na tupu. Kisha mlango wa nyumba ukafunguliwa. Conjesta alikuwa na matetea watatu alioanza nao upya, na alikuwa amewalaza chumbani kwake, chini ya tenga, pembeni ya kitanda.

Hakuomba radhi kwa yale ya kanisani. Dina aliingoja radhi hiyo, haikuja, na ilimuuma. Conjesta alimleta tetea wa kwanza, akamgeuza kichwa, akamshika kwa mikono miwili ili asitikisike.

"Anza na huyu," alisema. "Huyu anataga."

Dina akafungua kichupa.