Vitabu Viwili Viwili

Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Katika ya pili kulikuwa na kidole gumba pembeni. Katika ya tatu rafu ilionekana yote, kuanzia dirishani mpaka kwenye mlango wa jikoni, ila mwanga wa jiko la kuni uliangukia safu ya chini na kuifanya ionekane kama inaanza kuungua. Zulma Etcheverry aliitazama picha hiyo kwa muda, akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, kisha akaituma.

Hakuandika neno lolote. Ndiyo ilivyokuwa desturi ya Wasomaji wa Bara, kundi la wenye blogu za vitabu waliotawanyika katika miji ya ndani ya Uruguay, mbali na makelele ya Montevideo. Mgeni hakujieleza kwanza. Alituma picha ya rafu yake akanyamaza, na wenyeji wakaisoma rafu ile kama wanavyosoma kitabu cha mwandishi wasiyemjua, wakabashiri mwenyewe ni mtu wa namna gani. Walipokwisha kubashiri ndipo mgeni alipopewa nafasi ya kujitambulisha. Ofelia wa Salto, aliyelianzisha kundi, alikuwa na sababu yake: mtu akianza kujieleza mwenyewe hudanganya hata bila kukusudia, lakini rafu haijui kujipamba.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, katikati ya Julai, na mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Mji mzima wa Durazno ulinuka mafuta ya kukaangia, maana siku ya mvua kila nyumba hukanda unga wa mikate ya mafuta. Zulma hakukanda. Unga wa mtu mmoja ni taabu kuupima.

Blogu yake aliifungua mwezi wa Mei. Alijifundisha peke yake, hatua kwa hatua, kama alivyojifundisha zamani kushona makoti meupe ya wanafunzi, kwa kufumua na kushona tena. Aliandika kuhusu kitabu kimoja, kisha kingine, kwa utaratibu na bila haraka ya kuhukumu. Chini ya ukurasa kulikuwa na kihesabio cha wageni. Kilipanda kila siku kidogo, mpaka alipogundua kwamba kilikuwa kikimhesabu yeye mwenyewe, kila alipoingia kutazama kama kuna mtu amekuja.

Hakuna mahali katika blogu ile alipomtaja Irma. Dada yake alifariki mwezi wa Aprili, na tangu siku hiyo Zulma alikuwa amepewa pole za kumtosha. Pole zilikuja na keki kwenye sahani, zikakaa kidogo ukingoni mwa kiti, zikaondoka. Yeye hakutaka pole. Alitaka mtu wa kubishana naye kuhusu sura aliyotoka kuisoma. Jambo dogo tu. Lakini nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa kulikosa.

Maoni yakaanza kuingia.

"Jamani, ni macho yangu au ni hii mvua?" aliandika Yamandú wa Melo, mwalimu mstaafu aliyejulikana kwa mzaha. "Kila kitabu kipo mara mbili!"

"Si macho yako, mzee," alijibu Ofelia. "Hata mimi naona. Safu zote, viwili viwili."

"Basi huyu ni wa ukoo wetu. Ana ugonjwa wetu."

Hapo akaingia Nibia, aliyekuwa akiuza dawa katika duka moja mjini Rivera, kwenye mpaka wa Brazili. "Msimcheke mwenzenu. Mimi nimewahi kununua riwaya ileile mara tatu. Mara ya tatu muuzaji akaniambia, inaelekea unaipenda sana. Nikamwambia sijaisoma."

"Mara tatu ni ajali, dada," aliandika Yamandú. "Huyu ni rafu nzima! Huyu akitumwa vitunguu anarudi na magunia mawili. Halafu tazameni vizuri: katika kila jozi, kimoja kimechakaa, kingine kizima. Kimoja cha kusoma, kimoja cha kuwaonyesha wageni."

"Au anamficha mume," aliandika Ofelia. "Mume akiuliza, hiki si kipya, ni kilekile cha zamani."

"Karibu, Mama Mbilimbili!" alimalizia Yamandú.

Zulma alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikagonga kuta za jikoni, naye akageuka kama aliyesikia mtu mwingine. Muda huohuo mlango ukabishwa, na Chola, jirani mwenye duka la kona, akaingia bila kungoja jibu, mwavuli unachuruzika, sahani ya mikate ya mafuta imefunikwa kitambaa.

"Unacheka na nani humu?"

"Na watu wa Melo."

Chola alichungulia nyuma ya mlango wa chumba. "Wako wapi?"

"Kwenye kompyuta, bwana."

"Mh! Wenzio humo wanaokota waume, wewe unaokota wasomaji." Akavuta kiti, akainama kuyasoma yale maoni, midomo ikicheza. Alipofika mwisho hakucheka. "Wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Usinifanye mjinga, Zulma. Wanajua kwamba umebaki peke yako?"

"Wanadhani mimi msahaulifu. Kwamba nanunua kila kitabu mara mbili."

Chola aliyafikiria maneno hayo huku akijipangusa mvua shingoni. "Basi waache wadhani. Watu wanampenda anayewachekesha. Ukiwaambia una msiba watakupa pole, halafu watahama meza. Utarudi kulekule."

"Wewe hukuhama."

"Mimi nilikanda unga mwingi, ndiyo maana nimekuja. Kula kabla haijapoa." Akachukua mwavuli wake, akatoka.

Zulma alikula mkate mmoja akiwa amesimama. Aliona kwamba Chola hakukosea. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona watu wakihama meza, na hakuwalaumu. Hakuna anayejua la kusema zaidi ya mara mbili.

Ukweli wa rafu ile haukuwa na maajabu. Yeye na Irma walikaa pamoja katika nyumba ya wazazi wao tangu walipofiwa na mama. Jioni ilikuwa moja, jiko lilikuwa moja, na hakuna aliyekubali kuwa wa pili kukisoma kitabu. Wakaanza kununua viwili viwili. Kila Jumapili walizunguka kwenye gulio la vitu kuukuu kutafuta pacha wa kitabu walichokwisha kukipata, na mara nyingine iliwachukua miezi kumpata. Kisha walikaa huku na huku kwenye jiko, kibuyu cha chai chungu kikienda na kurudi kati yao, kila mtu na kitabu chake, ukurasa uleule au karibu na hapo. Irma alisoma kama anayefukuzwa. Zulma alisoma kama anayepima nguo. Lakini walikuwa na sheria moja: mwisho wa sura, hakuna anayegeuza ukurasa mpaka mwenzake afike. Wakishafika wote, ugomvi ulianza. Mhusika huyu mnafiki. Hapana, mwoga tu. Yule mama alijua. Angejuaje? Waligombana mpaka kuni zikageuka majivu, na hapakuwa na raha nyingine duniani iliyofanana na ile.

Kompyuta ililia. "Haya, Mama Mbilimbili," aliandika Ofelia. "Tumekusoma vya kutosha. Kiti ni chako. Jitambulishe."

Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko alivyotarajia. *Hamjambo, ndugu wasomaji. Mimi ni Zulma wa Durazno, na nakiri ugonjwa wangu. Juzi nilinunua miwani mipya. Nilipofika nyumbani nikakuta mingine kama hiyo usoni.* Uongo huo mdogo ulimfurahisha. Ulikuwa na uhai kuliko yote aliyoyaandika tangu Mei. Aliwaona watakavyocheka, akamwona Yamandú akitafuta neno la kumshinda. Kilichobaki ni kubonyeza.

Akainua macho kuitazama rafu, ili aone kama kuna kichekesho kingine cha kuongeza. Na hapo akakwama. Akibonyeza, nusu ya rafu ile itakuwa vitabu vilivyonunuliwa kwa kusahau. Katika macho ya watu pekee waliowahi kuitazama kwa makini, Irma hatakuwa amekufa tu, atakuwa hajawahi kuwapo.

Akafuta, herufi kwa herufi, mpaka ukurasa ukawa mweupe. Safari hii aliandika polepole.

*Naitwa Zulma. Nashona makoti ya shule hapa Durazno. Vitabu ni viwili viwili kwa sababu tulikuwa wawili. Vilivyochakaa ni vya dada yangu Irma, aliyevikunja mgongo na kuviwekea kibuyu juu, na ambaye nimemgombeza kwa hilo miaka mingi bila mafanikio. Alifariki mwezi wa Aprili. Tulikuwa katikati ya riwaya moja ndefu kuhusu familia yenye kiwanda cha mbao, na tangu hapo sijageuza ukurasa. Mizaha yenu imenichekesha kweli, naomba msijutie. Nimewaandikia ili mjue kwamba nusu ya rafu si yangu.*

Akabonyeza kabla hajaisoma tena.

Mvua ilisikika paani. Kisha Yamandú akaandika: "Dada Zulma, nisamehe. Mdomo wangu hauna breki." Ofelia akaandika pole, na mwingine pole, na mwingine maua. Zulma alimshukuru kila mmoja kwa jina. Baadaye mtu mmoja akauliza kama kuna anayejua dawa ya kuua mende wanaokula gundi ya vitabu, na kundi zima likahamia kwenye mende, kwanza kwa aibu, kisha kwa furaha. Jina la Mama Mbilimbili halikutajwa tena.

Akatia gogo jikoni na kuketi. Hakujuta, alijisikia kama chumba kilichotolewa samani. Nje taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka kabla ya wakati, kwa sababu ya mawingu.

Chini kabisa, baada ya mende, kulikuwa na mstari mmoja wa Nibia ambao hakuuona mwanzoni.

"Sura ya ngapi?"

Zulma aliusoma mara kadhaa. "Samahani, sijaelewa."

"Riwaya ya kiwanda cha mbao. Mliishia sura ya ngapi?"

"Ya kumi na moja. Irma alikuwa ameshaimaliza, akinisubiri."

"Nipe picha ya jalada."

Akampa. Nibia akaandika: "Maktaba ya hapa wanacho, nimewahi kukiona, kinene kama tofali. Jumatatu nakiazima. Nakuonya, nasoma polepole. Nasoma dukani wateja wakipungua, na siku hizi mafua hayaishi."

Zulma akamwandikia kwamba mafua ya Durazno nayo si haba.

Jumatatu ilipita bila neno. Jumanne pia. Zulma alijiambia kwamba watu husema mambo kwa moyo mwema Jumamosi, na Jumatatu wana kazi. Alikata vitambaa, akatia mikunjo, akapima makoti ya watoto mapacha ambao hawakutulia. Kompyuta hakuifungua mara nyingi. Aliiacha ikiwaka mezani, skrini ikimwelekea.

Jumatano alasiri alikuwa ameinama kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, ujumbe ulipoingia. Haukuwa wa maandishi. Alibonyeza, na sauti ya mwanamke ikajaa jikoni, sauti nene, yenye kupanda mwishoni mwa kila sentensi kama wasemavyo watu wa mpakani.

"Zulma, ni mimi Nibia. Nimemaliza sura ya kwanza sasa hivi, hapa dukani, nimejificha nyuma ya dawa za kikohozi. Sikiliza. Huyu mkwe simwamini hata kidogo. Mpole kupita kiasi. Mtu gani anaomba msamaha kabla hajakosea? Ana lake jambo huyu. Niambie nimekosea. Hapana, ngoja, usiniambie! Wewe unajua yatakayotokea, ndiyo maana umenyamaza!"

Sauti ilikatika, na nyuma yake zikasikika kengele ya mlango wa duka na mtu akikohoa.

Zulma alikaa mikono ikiwa juu ya koti jeupe. Nibia alikuwa amekosea kabisa kuhusu yule mkwe, kosa la wazi, lisilo na utetezi. Angeweza kumweleza kwa nini kwa muda wa saa nzima. Lakini mengine hakuyajua. Alijua mpaka sura ya kumi na moja. Kutoka hapo kwenda mbele alikuwa gizani sawa na Nibia, na ni huko watakakokwenda, kwa mwendo wa duka la dawa lenye foleni ya mafua.

Akavuta kompyuta karibu, akatafuta kitufe cha kurekodi. Kisha akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akizichoma ukingoni mwa kitambaa, ili aweze kusema.