Meno ya Cucu Wangechi

Subira huvuta heri, husema wasiowahi kungoja ruhusa ya mama mkwe. Kagure alikuwa amengoja miezi mitatu. Muuguzi wa meno aliyepita shuleni kwa bintiye Wangechi, mjini Nyeri, alisema wazi: mtoto ametimiza miaka saba, meno yake ya chini yanafunga mbele ya yale ya juu, basi apelekwe kwa daktari wa kunyoosha meno sasa hivi, si akiwa msichana mkubwa. Jambo jepesi kabisa. Lakini Muriithi, baba mtoto, maamuzi yake yote hufanyiwa Othaya, kwa mama yake.

Na mama yake hakutaka hata kusikia. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na huyu alipewa jina akaja na kidevu chake pia. Kwa cucu yule, yaani bibi yake mtoto, huo ulikuwa mkono wa Mungu. Mara alisema meno ya utoto yang'oke yote kwanza. Mara akasema Pasaka ipite. Mara mbili Kagure aliipigia simu kliniki kuahirisha, akiona haya kana kwamba yeye ndiye mjinga.

Mwishowe alipanda Othaya mwenyewe kumsihi.

"Hayo ni meno yangu," mama mkwe alimwambia. "Huyo mtoto ni mimi. Sasa ati unataka kunirekebisha?"

Kagure alimeza maneno mengi siku hiyo, hata chai ikakosa nafasi. Alisema tu kwamba Alhamisi wataenda, na wa kununa anune. Mama mkwe akajibu kwamba naye atakuja, amkatalie daktari ana kwa ana.

Alikuja kweli, amejifunga kitambaa cha kanisani, akaketi kliniki kifua mbele. Daktari alimwambia mtoto aume meno, akatazama, akaeleza kwamba huu ndio umri wenyewe. Taya bado linakua, na kifaa kidogo cha kuvaa mdomoni miezi kadhaa kitayasogeza. Wakichelewa mpaka mfupa ukomae, huenda ikawa upasuaji.

Kagure alijikaza kungojea vita.

"Na mimi, daktari?" mama mkwe aliuliza. "Mimi niko na hii tangu nikiwa msichana. Natafuna na upande moja. Kwa picha zote nimefunga mdomo, hata ya harusi. Nilijua tu niliumbwa hivyo."

Daktari alimjibu kwa upole kwamba naye angeonwa mapema, akiwa mdogo hivi, pengine mambo yangekuwa mengine.

Kagure alimwonea huruma, huruma ya kweli, ya kwanza tangu aolewe. Akanyoosha mkono amshike bega. Mama mkwe akamgeukia, macho yamelowa, hasira imempanda.

"Huyu mtoto alifikisha saba mwezi wa kwanza," alisema. "Umekaa na yeye hii miezi yote ukingoja nini?"