Marhumu Aliyeingia Kazini Jumanne

Nchi ya Yakinia ilipakana na nchi ya Shaka, ambayo wenyeji wake walidharauliwa kwa tabia ya kufungua kila kifurushi kabla ya kukipokea. Katika Yakinia kuuliza mara moja kulihesabiwa kuwa adabu, na kuuliza mara mbili kulihesabiwa kuwa matusi. Hata ukaguzi wa nyumba za biashara ulifuata desturi hiyo: mkaguzi alikaribishwa kwa kahawa na halua, akauliza, akajibiwa, akaandika "Nimeona," kisha akagonga muhuri. Mkaguzi mkuu, Bwana Muhuri, alikuwa na sauti ya taadhima na maswali yaliyopangwa vizuri, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyetambua kwamba hajawahi kunyanyuka kitini.

Mwanafunzi wake aliitwa Hakiki. Kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa kukagua kompyuta za Nyumba ya Shifaa, iliyotengeneza dawa za hospitali zote za nchi. Vipimo vya dawa vilihifadhiwa katika kompyuta hizo, na aliyetaka kubadili kipimo alilazimika kuingia kwa jina lake na neno lake la siri. Dhamana ya kompyuta ilikuwa mikononi mwa Bwana Amini, mzee mpole aliyependwa na wafanyakazi wote.

"Mtu akiacha kazi au akifariki, jina lake huondolewa?" aliuliza Hakiki.

"Huondolewa siku ile ile, binti yangu. Ongeza kahawa."

Hakiki akaandika "Nimeona," akaaga. Alipofika mlangoni akasimama. Alikuwa ameona nini, zaidi ya midomo ya mtu mwema ikitikisika? Aibu ikampanda usoni, akarudi.

"Uniwie radhi, Bwana Amini. Nimeandika kwamba nimeona, kumbe nimesikia tu. Naomba kuiona orodha yenyewe."

"Hilo ni swali la pili," alisema Amini kwa masikitiko.

"Basi kosa hilo nitalijibu mbele ya wakubwa. Nionyeshe."

Akalinganisha orodha ya majina ya kompyuta na orodha ya wafanyakazi, jina kwa jina, na jina moja likazidi: Thabiti bin Nadhiri, rafiki wa Amini, aliyezikwa miaka mitatu nyuma. Hakiki akataka kujua jina hilo liliingia lini mara ya mwisho. Lilikuwa limeingia Jumanne ya wiki hiyo, likabadili kipimo cha dawa ya homa ya watoto. Chupa mia sita zilizojazwa kwa kipimo kipya zilikuwa tayari zimepakiwa garini.

Hakiki akazuia gari lisitoke. Kesho yake asubuhi Bwana Muhuri akamshtaki mbele ya Kadhi Insafu kwa makosa mawili: kuuliza mara mbili, na kumsingizia marhumu. Mjane wa Thabiti, Bi Sitara, aliitwa aeleze uchungu aliotiwa.

"Huyu binti," alisema Muhuri, "amedai kwamba maiti amefanya kazi. Watoto wanangoja dawa, naye ametushikilia kwa ndoto!"

"Sikudai kwamba amefanya kazi, Mheshimiwa Kadhi," alijibu Hakiki. "Nimedai kwamba jina lake limefanya. Aliyelitumia simjui, na hofu yangu yote iko hapo."

Kadhi akamgeukia mjane. Bi Sitara hakulia.

"Mume wangu nilimzika mimi," alisema. "Kama bado anakuja kazini, mbona nyumbani haji?"

Amini akainuka, akakiri kwamba mkono wake ulishindwa kulifuta jina la rafiki yake, kwa kuwa kulifuta kulifanana na kumzika mara ya pili. Neno la siri la Thabiti lilijulikana kwa wote, na kila aliyekuwa na haraka alilitumia. Kadhi akawaita wafanyakazi watano walioshika zamu ya Jumanne, akawataka waape. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuapa kwamba si yeye.

Kadhi akaamuru chupa zipimwe. Nguvu ya dawa ilikuwa maradufu. Aliyebadili kipimo huenda alidhani anarekebisha dawa ya watu wazima, au alikosea tarakimu, au alikuwa na nia mbaya; jambo hilo halikujulikana, wala halitajulikana kamwe.

Hukumu ilikuwa fupi: chupa zimwagwe, Hakiki aachiwe, na tangu siku ile mkaguzi asiandike "Nimeona" ila kwa jambo lililopita mbele ya macho yake. Bwana Muhuri aliomba likizo. Wiki mbili baadaye alirejea na viatu vya kutembelea, akamwomba Hakiki, bila kumtazama usoni, amwonyeshe namna ya kulinganisha orodha mbili.

Amini hakufukuzwa, bali aliagizwa kulifuta jina kwa mkono wake mwenyewe. Alimwomba Bi Sitara aje akae karibu naye. Alilitafuta jina, akalipata, akabonyeza, na kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Amini akaondoa mkono, akamtazama Bi Sitara.

"Ijibu," alisema Bi Sitara.

Akajibu ndiyo.