Kiti Kilichosikia "Barra"

"Sikai sakafuni leo, Onesmus. Leo nakula kwenye kiti."

Walikuwa wamebishana tangu barabara kuu ya Riyadh. Onesmus, dereva, alishikilia usukani wa gari la bosi wake na msimamo wake pia. Alitaka waende mtaa wa Al-Dirah, ambako wanajulikana, wali na nyama vinajaza sinia la kuliwa sakafuni, na hakuna anayeuliza mtu swali. Rosebellah, mfanyakazi wa nyumbani, alimwambia kwamba hii ofu, siku yake ya mapumziko, ni ya kwanza kwa miezi kumi na minne, na hataimalizia kwenye sinia. Alitaka mkahawa wa Kimeksiko wa mtaa wa Al-Malqa. Kila Alhamisi madam wake alikula pale na mumewe, naye Rosebellah alisimama nyuma yake, mkono mmoja umembeba mtoto, mwingine umeshika mgongo wa kiti cha madam.

"Kwani wanauza nini huko?"

"Nyama choma na chapati."

"Si hiyo ni ya kwenu Kakamega?"

"Ndiyo maana naitaka. Wameipa tu jina refu."

Ukutani mle mlikuwa na picha ya mji wa kaskazini mwa Meksiko, chini ya mlima wenye umbo la tandiko la farasi. Rosebellah aliijua vizuri, kwa sababu alikatazwa kutazama sahani.

Walifika saa nane mchana. Bango la mlangoni lilisema wafanyakazi wa nyumbani hawaketi. Madam na mumewe walikuwa mezani pao ingawa ilikuwa Ijumaa, kwa kuwa aliyewapikia alikuwa ofu. Meneja alimtambua Rosebellah, akanyoosha kidole mlangoni.

"Barra."

"Ndiyo, bara," Rosebellah akamjibu kwa Kiswahili. "Kakamega. Umejuaje?"

Onesmus alicheka hadi akashika ukuta. Wote wawili walijua kwamba barra kwa Kiarabu ni nje. Wakageuka kutoka.

Lakini meneja hakusema nani atoke. Kiti kilichoshikwa mgongo miezi yote hiyo kilidhani nacho kimeambiwa. Kilimteremsha madam taratibu, bila kumwangusha, kikamfuata Rosebellah. Meza ikafuata kiti, na nyama, chapati na bakuli la pilipili juu yake. Kiti cha mume kikaja nyuma, kwa ajili ya Onesmus. Mteja wa jirani alivuta miguu vipite. Meneja alishika mlango, akauliza tu kama meza itaziba magari.

Vilisimama kivulini, hatua tatu kutoka mlangoni. Rosebellah aliketi, akaegemea, akaanza kula. Chapati zilikuwa nyembamba kuliko za mama yake. Nyama ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Alisema yote mawili kwa sauti.

Madam alitoka na mtoto. Alimkumbusha Rosebellah kwamba kesho kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri, na kwamba pasipoti yake bado imefungiwa kabatini. Kisha akamnyooshea mtoto, kama kila Alhamisi. Nyuma yake meneja aliongeza mstari kwenye bango: wafanyakazi wa nyumbani hawaketi, na viti havitoki.

Rosebellah alimtazama mtoto, akaitazama chapati ya mwisho.

"Kesho, madam," alisema. "Leo mikono ina kazi."

Akaikunja chapati na nyama iliyobaki, akaishika kwa mikono yote miwili, akaila yote.