Kikombe cha Chini ya Sinki

Profesa Labuschagne, Mzungu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, alikuwa ameandika kitabu kizima kuonyesha kwamba Biblia haiwatengi watu kwa rangi. Sasa alimtaka mjomba wangu, Mchungaji Apollis wa kanisa letu sisi machotara, wahubiri pamoja. Akatualika kwake.

“Mjomba, leo ni mlango wa mbele,” nilimtania njiani. “Usije ukazunguka nyuma kwa mazoea.”

Profesa alitengeneza kahawa mwenyewe, huku akitufafanulia Waraka kwa Wagalatia, kwamba katika Kristo wote ni wamoja. Akatoa kikombe chake cha kaure kabatini, kisha akainama, akatoa viwili vya bati chini ya sinki, vile vya mpishi na mtunza bustani wake weusi. Alikwisha kumimina alipotambua ni vikombe gani. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

“Samahani, Mchungaji. Ni mkono tu, umezoea.”

“Najua. Kitabu chako tumekisoma wote, Profesa, isipokuwa huo mkono.”

Nilijiandaa kucheka, kicheko kikagoma.

“Basi hutahubiri nami?”

“Nitahubiri. Kwanza tunywe.”

Mjomba akavuta kikombe cha kaure kwake, akamsogezea mwenzake kile cha bati. Profesa akanywa yote, macho sakafuni.