Nta Kwenye Tundu la Bolti

…na sasa ati aeleze, aeleze nini, kana kwamba mdomo wake ni bomba la serikali, ukilifungua linamwaga, karani Marko amesimama pale na karatasi yake, suruali fupi imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama, "Shikamoo bibi, nieleze tu habari za hii nta," marahaba, mwanangu, subiri, mikono ina kazi, na kweli ina kazi, mashua ya Bwana wa Maji, mkubwa wa karani huyu, imevutwa nchi kavu kando ya bwawa la Hombolo, vyuma vya kufungia kamba vimeng'olewa mgongoni mwake, wenyewe wanapaita sitaha, na Mwanahawa amepiga magoti juu yake na kisu chake cha kutengenezea vibuyu, anakwangua nta kwenye tundu la bolti, la nne hili, bado manane, na upande wa pili mkwewe Athuman, mlinzi wa mashua, anakwangua yake, amempa mgongo, maana mkwe hamtazami mkwe wala hasemi naye, kwao Kondoa ndivyo ilivyo, hata wakiwa juu ya mashua moja isiyozidi urefu wa vitanda viwili, na Mishi amekaa katikati kama ukuta, binti wa huyu, mke wa yule, neno la huku lazima lipite kwake ndipo lifike kule… imezama hii, imenywewa na mbao, nta ya watu, nta safi, kwenye kibuyu haina mfano, kibuyu kikipasuka unakishona, unapaka, kinabeba maziwa miaka saba, lakini kibuyu hukaa ndani kivulini, nani aliwahi kuanika kibuyu cha maziwa juani kutwa, jua hili la Ugogo la mwezi wa kumi, chuma kinachoma mkono, nta ikalainika, ikateremka kama kamasi za mtoto, maji yakapata njia, na mbao chini ya chuma ikalegea kama ugali uliolala… "Mama, karani anakusubiri," asubiri, si ndiyo kazi aliyoajiriwa, kusubiri na kuandika kwamba amesubiri, "Bwana anasema alitoa kopo la puti ya kuzibia," Marko anasema, "anasema limeuzwa, nta ikatiwa mahali pake," limeuzwa! nani anunue jiwe, kopo lile lilikuwa limekauka, Mishi alichomeka kijiko kikapinda, Athuman akataka aende mjini akaombe jingine, na nani aliyepaza sauti kutoka nyuma ya mlango kama si Mwanahawa mwenyewe, Mishi, mwambie mwenzio, mwanamume mzima atembee maili ishirini kuomba udongo, na nta imejaa chungu hapa ndani? na mkwe angejibu nini, angesema hapana, mama? bado hajazaliwa Kondoa mkwe wa kusema hapana, aliipokea nta kwa mikono miwili, akaiyeyusha, akaitia, na alijua haitakaa, sasa anaona kwamba alijua, alisimama na kile chungu muda mrefu mno… jana walipomuuliza akasema, "Ni mimi niliyeitia," hakumtaja aliyempa, na Bwana anarudi kesho, na mlinzi aliyeuza mali ya Bwana hafukuzwi tu, anafungwa… Mungu amzidishie Bilkis, mke wa Akbarali wa duka la misumari, juzi alimwendea kwa lori la karanga, amejiandaa kuchekwa, ulimi umenolewa tayari kujibu, na yule mwanamke akamkalisha juu ya gunia, akampa chai ya tangawizi, "Dada, usipake puti juu ya nta, haitashika, mafuta yake yamo ndani ya mbao, kwangua mpaka uone mbao mpya, futa kwa petroli, kila mara kitambaa safi, usirudie kile kile, kisha panua mdomo wa tundu kidogo, puti ipate pa kukaa, na ukifunga bolti usikaze mpaka mwisho, iache, siku ya tatu ndiyo umalizie, ukikaza yote siku ya kwanza unaikamua yote nje," babake aliuza vifaa vya mashua Tanga, anajua, akampa kopo jipya, malipo akakataa, akasema kanishonee kibuyu changu siku ukipata nafasi, na hakuuliza, hilo ndilo lililomrudia Mwanahawa akilini njia nzima juu ya zile karanga, hakuuliza mjinga aliyetia nta ni nani… wawili hao, mmoja hakuuliza, mmoja hakusema, na kuni zile, kila Ijumaa mzigo wa kuni nyuma ya nyumba, hamwoni anayeuleta, anasikia kikohozi tu, miaka sita, na yeye kila Ijumaa anamwambia Mishi, mumeo ameleta mbichi tena, hazikuwa mbichi, zilikuwa kavu, ziliwaka vizuri, hata wakati wa masika alikula kitu cha moto kwa sababu ya mwenye kile kikohozi, alhamdulillahi, kumbe mtu anaweza kutunzwa miaka sita akadhani anavumilia… kisu kinagusa mbao ngumu, nyeupe, inanuka upya kama imekatwa leo, "Bibi, basi niandike nini?" Marko anauliza, kalamu bado iko hewani, Mishi anageuka ili alipokee neno alipitishe, acha, Mishi, hili halipitii kwako, andika, kopo lilikauka, hakuna aliyeuza kitu, nta ni yangu na amri ilikuwa yangu, na akapandisha sauti ivuke kichwa cha Mishi, imfikie yule mwenye mgongo, "Andika, Mwanahawa binti Salimu amekosea," na kule upande wa pili kisu kikasimama, na hiyo ndiyo bei aliyotozwa, neno moja ambalo marehemu mumewe alilingoja miaka thelathini akafa bila kulisikia, leo limemtoka mchana kweupe, na mkwe amelisikia.