Ndama wa Dabare

Saa nne asubuhi ilikuwa haijafika, na tayari Nasteha alikuwa anatoka jasho. Mbele yake, katika ofisi ya akina mama wauza maziwa ya ngamia mjini Isiolo, alikaa Khadijo, mwenyekiti wao, simu mkononi. Khadijo akiridhika leo, programu ya Nasteha ya kuandikisha ngamia itatumiwa na kikundi kizima na mkataba ni wake. Asiporidhika, kuna kampuni ya Nairobi inayompigia simu kila siku. Na Nasteha, jamani, aliitaka kazi hii mpaka hamu ya chakula ikamwisha.

Wiki nzima alikuwa akihamishia programu yake kwenye toleo jipya la kiunzi, ile mifupa iliyotengenezwa tayari ambayo waandika programu hujengea kazi zao. Toleo lenyewe lilikuwa na masharti kama mama mkwe! Sharti mojawapo: kila mnyama awe na mwenyewe mmoja tu. Nasteha akamwandika yule anayekaa na mnyama, majaribio yote yakatoka kijani, yaani yamefaulu, akafurahi.

"Salaam aleikum," Umulkheir akaingia. Alikuwa mwanachama kutoka Chechelesi, mama wa maneno machache. Akafungua programu kwenye simu yake, akatazama, akapaza sauti. "Astaghfirullahi! Huyu ndama wa Khadijo mbona yuko kwa jina langu?"

"Si anakaa kwako, mama?" Nasteha akauliza.

"Anakaa! Mama yake nilipewa dabare, nikamue watoto wanywe, kisha nimrudishe. Ndama ni wa Khadijo, na atakaowazaa ni wa Khadijo. Unataka niitwe mwizi na hizi mvi?"

Lo, aibu iliyomshika Nasteha! Yeye mwenyewe alikua kwa maziwa ya ngamia wa dabare. Mgeni angeuliza dabare ni nini, akaandika. Yeye hakuuliza kwa sababu alijua, na kwa kuwa alijua, hakukumbuka kuiandika popote.

"Wale wa Nairobi wanasema watakuja Jumatatu," Khadijo akasema polepole.

"Mama, nipe nusu saa. Na msiondoke, nawahitaji."

Kabla ya kugusa programu aliandika jaribio, Umulkheir akimtajia: ngamia wa Khadijo yuko kwa Umulkheir, amezaa, ndama ni wa nani? Akaliendesha. Likatoka jekundu.

"Mbona nyekundu?" Umulkheir akauliza.

"Programu inakiri imekosea, mama."

"Heri hiyo. Kuna watu hawakiri."

Ndipo akamtoa mkamuaji ndani ya rekodi ya mnyama na kumtengenezea klasi yake peke yake, yaani fungu lake ndani ya programu, akaiita Dabare: aliyetoa, anayekamua, na ngamia anayekamuliwa. Dabare ikiisha kesho, inaondoka bila kumgusa mnyama. Ndama akarithi mmiliki wa mama yake, basi. Kumbe lile sharti la mwenyewe mmoja halikuwa na ubaya wowote. Ni yeye aliyekuwa amemweka mtu asiye mwenyewe. Akaendesha tena. Kijani!

Umulkheir alisoma mara tatu, kisha akaketi na kuitisha chai. Khadijo akaweka simu yake mezani.

"Nasteha."

"Naam, mama."

"Niko na ngamia amezaa mwezi jana. Nakupa dabare. Maziwa yataletwa kwenu kila asubuhi. Haya, mwandike."

Nasteha alishindwa kuandika mara moja, macho yalikuwa yamejaa. Ngamia wa maziwa hapewi mtu usiyemwamini, hilo hata watoto wa Garbatulla wanalijua. Akajifuta kwa mtandio, akaandika: aliyetoa, Khadijo, anayekamua, Nasteha. Halafu woga ukamrudia.

"Na mkataba, mama?"

Umulkheir akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ala! Mtu amekupa ngamia, na bado unamuuliza karatasi?"